Chai ya Alhamisi

Kibao kilikuwa kimoja kwa wodi nzima ya mifupa. Kilikuwa kipande cha boksi la glavu kilichotobolewa na kutiwa uzi, kimeandikwa kwa kalamu nene: ASILE CHOCHOTE. Kila jioni ya kuamkia siku ya upasuaji, muuguzi mkuu alikitoa kwenye droo akakitundika kwenye kitanda cha mtu, na mtu huyo hakula wala kunywa tena mpaka apelekwe chumba cha upasuaji. Au mpaka aambiwe kwamba hapelekwi.

Fundi vigae wa kitanda cha sita alikuwa ametundikiwa mara tatu.

"Hicho kibao kina tabia za mgombea," alisema mzee wa kitanda cha saba, mlinzi wa ghala aliyevunjika muundi. "Kinakuja kwako, kinakuahidi, ukishakesha na njaa kinahamia kwa jirani."

Fundi alicheka, ingawa kucheka kulimuuma. Ilikuwa siku ya kumi na nane amelala chali. Chuma kilikuwa kimepitishwa chini ya goti lake la kulia, chuma kikafungwa kamba, na mwishoni mwa kitanda ukaning'inizwa mfuko wa mchanga wa kilo nane, ukiuvuta mguu usiku na mchana. Gari lililobeba vigae liliparamia nguzo. Yeye alikaa mbele pamoja na dereva, goti likagonga dashibodi, na paja likasukumwa nyuma likapasua kikombe cha nyonga vipande vinne.

Siku ya pili daktari bingwa, ambaye alifika hospitali hiyo Jumatatu na Alhamisi tu, aliinua picha dirishani akamwonyesha.

"Hiki kikombe ndicho paja lako linamozungukia. Tutakufungua, tutavipanga vipande, tutavifunga kwa bati la chuma na skurubu. Lazima vikae sawasawa, kwa sababu kila hatua paja linasugua hapo. Lakini hatuna muda wa kuchezea. Wiki mbili. Tatu ndiyo mwisho. Zikipita hizo, mfupa unajishika wenyewe vilevile ulivyokaa ovyo, na mimi nitakuwa nabomoa badala ya kupanga."

"Kama saruji," alisema Fundi.

"Kama saruji hasa."

"Nitachuchumaa tena?"

"Tukiwahi, na vikikaa vizuri, utachuchumaa."

Hilo ndilo lilikuwa swali lake peke yake. Fundi vigae anakula akiwa amechuchumaa, maana hajui kukaa namna nyingine mchana. Kwa miaka kumi na tisa Fundi alikuwa ametambaa sakafu za watu, akirudi nyuma kuelekea mlangoni, akipapasa kila kiungo kwa ncha ya kidole kabla hajaamini pimamaji. Fundi asiyechuchumaa hana kazi. Anasimama mlangoni akiwaonyesha wenzake walipokosea, na hakuna anayelipwa kwa hilo.

Basi akafunga. Alhamisi ya kwanza alifunga tangu saa mbili usiku, akaogeshwa, akavishwa gauni la kijani lililokuwa wazi mgongoni, akasubiri hadi saa tisa alasiri, ndipo mhudumu akaja kumwambia kwamba mashine ya picha ya chumba cha upasuaji imeharibika. Jumatatu alifunga tena. Saa nane wakasema nguo za madaktari hazikuchemshwa kwa sababu mvuke umekwisha. Alhamisi ya pili alifunga mara ya tatu, na aliyemtangulia mezani akachukua muda mrefu, na hakuna aliyekumbuka kuja kumwambia lolote. Saa kumi na mbili jioni muuguzi alipita akakiondoa kibao bila kumtazama usoni. Chakula cha mchana kilikuwa kimepita na cha jioni kimekwisha. Mama yake alimkuta midomo imepasuka, anamumunya pamba yenye maji.

Jumatatu iliyofuata jina lake halikuwamo kabisa. Orodha ilikuwa imejaa.

Vyuma vyake, bati na skurubu, vilikuwa vimeshanunuliwa. Vilikaa kwenye kabati la hospitali na karatasi yake juu, vikimsubiri mtu aliyekuwa hatua arobaini kutoka hapo.

*

Jumatano jioni mkewe Fundi alisimama mbele ya meza ya muuguzi mkuu. Mwanamke huyu alifanya kazi kwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi. Mchana kutwa aliwachapia watu maombi yao, malalamiko yao na radhi zao, kwa hiyo alijua kuuliza kwa adabu, na alijua pia adabu inaishia wapi.

"Sista, kesho ni Alhamisi. Mume wangu yumo?"

Muuguzi mkuu alishusha kidole kwenye orodha. "Hayumo."

"Kesho ni siku ya kumi na tisa, Sista."

"Najua kuhesabu, dada yangu. Kesho ana zamu bwana wa chumba cha pembeni. Mmoja tu, maana upasuaji wake ni mrefu. Njoo uulize tena kwa ajili ya Jumatatu."

"Kwa hiyo ale?"

"Ale, anywe, alale. Kibao hakipo kwake."

Ni kweli hakikuwapo. Mama yake Fundi alikwenda kukihakikisha kwa macho yake, akakiona kimening'inia kwenye mlango wa chumba cha pembeni, chumba chenye pazia na feni. Alikuwa hajui kusoma, lakini kibao kile alikuwa anakijua kwa sura kama mtu anavyomjua mdai wake.

Alfajiri yake alikuja na chupa ya chai, kama kila siku ambayo kibao hakikuwapo. Saa kumi na mbili alimmiminia mwanawe kikombe cha chai ya maziwa, akamkatia mkate vipande viwili.

"Sina hamu, mama."

"Mgonjwa haulizwi uji, baba. Kunywa. Umebaki mifupa, na yenyewe imevunjika."

Mlinzi wa kitanda cha saba aliinua kikombe chake cha plastiki ili naye amiminiwe, akamiminiwa. Wakanywa wote watatu. Ilikuwa chai nzuri, na Fundi akaongeza nusu kikombe.

Saa moja na nusu yule bwana wa chumba cha pembeni alibadili nia. Alisema amefikiri usiku kucha, anataka akapasuliwe kwingine, penye mashine mpya. Akaondoka na gari lake, akiwa amejifunika shuka la hospitali ambalo hakulirudisha. Meza ya upasuaji ikabaki wazi siku nzima, mashine ya picha ni nzima, nguo zimechemshwa, damu ipo. Daktari bingwa akasema, "Basi mleteni yule fundi wa kikombe. Huyo ndiye anayenikosesha usingizi."

Mhudumu alikuja mbio na machela. Muuguzi mkuu alikuja nyuma yake, na njiani alikuwa ameshaanza kuuliza.

"Hujala, si ndiyo? Niambie hujala."

Fundi alimtazama mama yake. Mama alikuwa anafuta kikombe kwa kona ya kanga.

"Nimekunywa chai," alisema Fundi. "Na mkate."

*

Daktari bingwa alikuja mwenyewe, kofia ya upasuaji kichwani. Akachukua faili mguuni mwa kitanda, akasoma ukurasa mmoja, akaurudia. Uso wake ukabadilika.

"Mara ya nne," alisema. "Mara ya nne huyu mtu anaandaliwa na hayuko tayari. Ninyi mnadhani hii ni hoteli? Mtu akila halafu tukampa dawa ya usingizi, chakula kinapanda kinaingia kwenye mapafu, anakufa mezani. Nani amemlisha?"

Wodi nzima iligeuka kutazama, vitanda kumi na vinne, na ndugu za wagonjwa wenye beseni za maji ya kuoshea uso.

"Ni mimi, mwanangu," alisema mama. "Walisema leo si zamu yake."

"Bibi, unajua leo ni siku ya ngapi? Mimi narudi Jumatatu. Jumatatu mfupa utakuwa umeshajishika. Hicho kikombe chako cha chai ndicho kitakachomlemaza mwanao."

Akaliweka faili akaondoka. Muuguzi mkuu alikuwa amesimama pale pale. Yeye ndiye aliyesema ale, anywe, alale. Aliinama akaokota pamba iliyokuwa chini, akaitia kwenye ndoo, akatoka.

Mlinzi peke yake ndiye aliyesema kitu. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema kwa sauti, akiutazama mlango. "Huyo daktari hajawahi kushinda na njaa mara tatu kwa ajili ya mashine mbovu."

Lakini mama hakusikia. Alikuwa ameshafunga chupa yake, na kutoka saa hiyo hakuingia tena wodini. Alikaa nje kwenye benchi la saruji, mkabala na mfereji wa maji machafu, akawa anatuma salamu kwa wanaoingia. Haikupita siku mbili ndugu wa wagonjwa wengine wakampa jina. Mama Chai. Walilisema bila ubaya, kama watu wanavyosema majina, na lilimkata kila mara.

*

Mkewe Fundi alifika saa saba, saa ya kuona wagonjwa. Alisimuliwa na mlinzi, maana Fundi alikuwa amegeukia ukutani kadiri kamba ilivyomruhusu.

Akaenda mezani.

"Sista. Mtu aliyekunywa chai anasubiri muda wa saa ngapi ndipo apewe dawa ya usingizi?"

"Sita."

"Alikunywa saa kumi na mbili. Saa sita mchana alikuwa tayari. Mbona hamkumsubiri?"

"Upasuaji wake unachukua muda wa saa nne hadi tano. Chumba kinafungwa saa tisa, wafanyakazi wanakwenda nyumbani. Si mimi niliyepanga."

"Kwa hiyo meza imekaa bure tangu saa mbili?"

Muuguzi mkuu aliisogeza orodha pembeni. Meza ilikuwa imekaa bure.

"Na daktari anasema mara ya nne. Hiyo nne imetoka wapi? Mume wangu amekula mara moja, leo. Hizo nyingine tatu alikula nini?"

"Hayo yamo kwenye faili."

"Naomba nilione."

"Faili ni mali ya hospitali, dada yangu."

"Na mfupa ni mali ya nani?"

Muuguzi mkuu akafungua daftari lake akaanza kuandika, na ikawa kama mbele yake hapana mtu. Mkewe Fundi alisimama pale hadi kengele ya kutoka ikalia. Akatoka, akapita benchi, akataka kumwambia mama mkwe neno, akaona mikono yake imekumbatia chupa tupu. Hasira ilimpanda hadi macho yakamwasha. Alijua kwamba hasira hiyo akiimwaga pale itamwagikia yule mama mzee, ambaye ndiye mtu pekee mahali pale aliyekuwa tayari kusema "ni mimi".

"Twende nyumbani, mama," alisema tu.

*

Jumatatu walimpasua. Kibao alitundikiwa, mashine ilifanya kazi, kila mtu alikuwa mahali pake. Ilikuwa siku ya ishirini na tatu. Walikaa naye mezani kwa muda wa saa saba, na wafanyakazi walibaki mpaka jioni. Kumbe iliwezekana.

Kesho yake daktari bingwa alipita kitandani amechoka, macho mekundu. Akaiinua picha mpya dirishani. Bati lilionekana jeupe, limepinda kufuata mfupa, na skurubu sita.

"Nimepanga nilivyoweza," alisema. "Vipande vilikuwa vimeshaanza kushikana. Ilibidi nivitenganishe kwa patasi. Vitatu vimekaa vizuri. Cha nne kimebaki juu kidogo, kuna kidaraja."

Fundi alinyoosha kidole, akakipitisha juu ya picha pale kwenye ukingo wa kikombe, kama anavyopapasa kiungo.

"Kiasi gani?"

"Milimita tatu."

"Milimita tatu mimi nabomoa," alisema Fundi. "Naulizwa na mwenye nyumba, nabomoa, nalipa kigae."

Daktari aliishusha picha. "Utatembea. Kwa magongo miezi mitatu, baadaye kwa fimbo. Lakini paja litakuwa linakwaruza pale. Baada ya miaka kadhaa huenda likahitaji nyonga ya bandia."

"Sikuuliza kutembea."

"Najua ulichouliza," alisema daktari. Aliirudisha picha kwenye bahasha yake. "Hapana. Kuchuchumaa, hapana."

Mkewe Fundi alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Alitamani mtu avunje kitu. Hakuna aliyevunja kitu.

*

Siku ya kuruhusiwa ilikuwa Alhamisi tena. Muuguzi mkuu alileta karatasi ya kutokea, aweke saini. Mkewe Fundi aliisoma yote, kama anavyosoma karatasi za wateja kabla ya kuzipiga kopi. Mstari wa mwisho ulisema: Upasuaji ulichelewa kwa kuwa mgonjwa hakuwa tayari, amekula, mara nne.

"Siweki saini."

"Kuna mgonjwa kwenye machela anasubiri hiki kitanda."

Alikuwapo kweli, kijana wa pikipiki, mguu umefungwa ubao, analia kimyakimya. Mkewe Fundi alimwona. Alimgeukia mumewe.

"Fundi, shuka. Kaa kwenye kiti, mpishe mwenzio. Mimi nitabaki hapa nimesimama, sina ninachomzibia mtu."

Kisha akafungua mkoba akatoa karatasi aliyoichapa dukani usiku wa Jumatatu ile ya upasuaji, mashine ikiwa ya tajiri wake na karatasi ya kwake. Mistari minne, tarehe nne. Alhamisi, alifunga, mashine ya picha mbovu. Jumatatu, alifunga, nguo hazikuchemshwa. Alhamisi, alifunga, aliyetangulia alichelewa. Alhamisi, muuguzi alisema ale, akanywa chai. Chini palikuwa na majina ya mashahidi watano wa wodi ile. La mlinzi lilikuwa la kwanza, limeandikwa kwa herufi kubwa zilizotetemeka. Ni mwaka wa tisa alikuwa anawachapia watu malalamiko. Hilo lilikuwa la kwanza lake mwenyewe.

Daktari bingwa aliingia kuona wagonjwa akakuta watu wamesimama. Akapewa karatasi. Akaisoma, akafungua faili, akalinganisha tarehe kwa kidole.

"Sista," alisema polepole, "hizi tatu uliandika hakuwa tayari."

Muuguzi mkuu alitia kalamu mfukoni. Alipozungumza alikuwa hana ukali tena.

"Daktari, nikiandika mashine mbovu, naitwa ofisini nieleze mashine imeharibikaje, kana kwamba nimeivunja mimi. Nikiandika mvuke umekwisha, naandikiwa barua. Nikiandika mgonjwa hakuwa tayari, hakuna anayeniita. Nina vitanda kumi na vinne na wasaidizi wawili. Nimeandika hivyo miaka mingi. Hajawahi mtu kusoma."

Hapo ndipo mkewe Fundi alipokasirika kuliko siku zote, kwa sababu alimwamini. Alikuwa amejiandaa kumchukia mtu mmoja, na sasa mtu mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye viatu vilivyopasuka kisigino, anasema kweli.

Daktari alipiga mstari juu ya maneno yale, mahali patatu, akaandika sababu za kweli kando, akaweka saini yake. Akaamuru karatasi ya kutokea iandikwe upya, na tarehe na sababu zote nne. Wakampa mkewe kopi yake.

"Mwambieni Bibi..." alianza.

"Mwambie mwenyewe. Yuko nje kwenye benchi."

Daktari aliangalia saa. "Kuna mtu mezani ananisubiri," alisema, na ilikuwa kweli. Alitoka kwa mlango wa nyuma, ule unaokwenda chumba cha upasuaji bila kupita benchi.

*

Nyumbani mkewe alimsomea mama mkwe karatasi yote. Mama aliisikiliza mara moja, akataka arudiwe, akarudiwa. Usiku aliilalia chini ya mto.

Jumatatu aliamka kabla ya watu, akajifunga kanga, akaenda hospitali. Hakukaa kwenye benchi lake. Alikwenda upande wa nyuma, kwenye ule mlango wa pili, akasimama. Saa mbili kasoro daktari bingwa alishuka kwenye gari lake, mkoba begani, akamkuta.

"Shikamoo, Bibi," alisema, maana alimtambua.

"Marahaba, mwanangu." Akamnyooshea karatasi. "Mimi sijui kusoma. Nisomee."

"Bibi, si umesomewa nyumbani?"

"Nimesomewa. Nataka nisomewe na wewe. Siku ile ulisema mbele ya watu, nami nimekuja kuichukua sauti yako ileile."

Walikuwa wameshaanza kusimama watu, wahudumu wanaoingia zamu, mfagiaji, mwanamke mwenye beseni. Daktari angeweza kupita. Mlango ulikuwa wazi nyuma ya yule mzee, na yule mzee alikuwa mdogo wa mwili. Alishusha mkoba wake chini akasoma. Alhamisi, alifunga, mashine ya picha mbovu. Jumatatu, alifunga, nguo hazikuchemshwa. Alhamisi, alifunga, aliyetangulia alichelewa. Alisoma wazi, sauti ikipungua kila mstari.

"Alhamisi," alisema, "alikunywa chai."

"Hiyo ni yangu," alisema mama. "Endelea."

"Zimekwisha, Bibi."

"Zimekwisha." Aliichukua karatasi akaikunja mara mbili. "Moja ni yangu, nitakufa nayo. Hizo tatu ni zenu. Mtazibeba wapi sijui, lakini nyumbani kwangu hamziachi."

Daktari alifungua mdomo kusema pole, akaona mzee ameshageuka anakwenda.

Jioni hiyo chupa ya chai ilirudi mezani, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kumi na tisa. Mama alimmiminia mwanawe bila kumuuliza. Fundi aliinywa amesimama, ameegemea gongo, kwa sababu viti vyao vilikuwa vifupi na nyonga haikukubali kushuka hadi pale.